Tairi ya Trela Haiangaliwi Meno

Wasee, leo sina stori ya simu wala ya mahusiano. Naongea tairi. Na si tairi za gari, ni za trela, ile kitu inavutwa nyuma ya pikapu na hakuna mtu huiangalia mpaka ipasuke.

Mnaonifuata mnajua siku ambazo sirekodi video niko kazini kwa Anko. Tangu niache chuo mwaka wa pili (hiyo stori nilishawapa, karo ilinishinda nguvu), yeye ndiye alinipa kitu cha kufanya na mikono. Anakodisha tenti, viti na mitambo ya sauti. Makao yetu ni Kitale, lakini nusu ya kazi iko Bungoma: harusi Kanduyi, matanga Chwele, mikutano ya kanisa huko Kimilili. Vitu vyote vinaenda kwa trela moja ya magurudumu mawili. Juu ya mzigo, vijana wawili wa kupanga viti. Mmoja tulisoma naye primari. Nawaambia hivyo ili mjue hii si hesabu ya bure.

Mwezi uliopita Anko alisema tairi za trela zimechoka, twende tutafute nyingine. Aliniita nibebe simu nipige picha za bei. Ananiita Mama, kwa sababu nilirithi jina la mamake, na akisema Mama huwezi kukataa.

Duka la kwanza lilikuwa la mitumba. Jamaa hakuniangalia hata. "Mzee, hizi zimetoka Japani, angalia meno." Na kweli meno yalikuwa mazuri, marefu, yamepakwa ile dawa nyeusi yanang'aa kama viatu vya askari. Elfu tatu na mia tano kila moja. Saizi ileile iliyokuwa kwa trela, 175/65R14. Anko akaingiza kidole kwenye meno, akatingisha kichwa akiwa ameridhika. Hapo ndipo ningependa tusimame kidogo.

Kila mtu Kenya hii hupima tairi kwa kidole. Meno yako? Basi iko sawa. Kwa gari la kila siku hiyo angalau ina maana, kwa sababu gari linatembea na meno yanaisha kabla mpira haujazeeka. Trela yetu inatoka Ijumaa na Jumamosi, pengine na Jumapili. Siku zingine zote imesimama kwa kiwanja, juani, kwa tairi zilezile mbili, mahali palepale. Jua na hewa vinakausha mpira. Tairi inayozunguka kila siku inajipinda, na ile dawa iliyochanganywa ndani ya mpira kuzuia kukauka inaendelea kusukumwa nje kwa ngozi ya tairi. Iliyosimama haipati hiyo. Kwa hivyo Anko aliposema, "Mama, hii trela haitembei sana, itakaa miaka," alikuwa anataja ugonjwa wenyewe akidhani ni dawa.

Cha kutafuta ni tarehe. Inama uone ubavu wa tairi, tafuta herufi DOT. Mwisho wa huo mstari kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zile za mitumba zilisema 2314: wiki ya 23 ya mwaka 2014. Yaani nikiwa primari bado. Michelin, ambao wanauza tairi na wangependa uzinunue, wanashauri tairi ikifikisha miaka 10 tangu itengenezwe itolewe hata kama inaonekana nzima. Kumbuka wanahesabu kutoka siku ya kutengenezwa, si siku uliyoinunua. Na wakati mwingine hizo tarakimu ziko ubavu mmoja tu. Fundi akiifunga na huo ubavu ukaangalia ndani, utalala chini ya trela na tochi ya simu. Lala. Nguo zinafuliwa.

Kama unafikiri tarehe ni mambo ya wazee, mkumbuke Paul Walker wa Fast and Furious. Alikufa Novemba 2013 ndani ya Porsche ambayo tairi zake zilikuwa na miaka 9. Wapelelezi walisema mwendo ndio uliosababisha ajali, lakini umri wa tairi pia waliutaja kuwa pengine ulichangia. Gari la mamilioni, meno yapo, mpira umezeeka.

Nikamwonyesha Anko. Jamaa wa duka akacheka, "Huyu msichana ni wa kamera au ni fundi?" Anko hakucheka, lakini pia hakuondoka. Elfu saba kwa mbili ni pesa anaielewa.

Sasa hesabu iliyomtoa dukani ndiyo hii, na nilifanya pale pale kwa simu. Baada ya saizi, ubavuni, kuna nambari na herufi. Zile zilikuwa na 82T. T ni mwendo, haituhusu, hakuna mtu atavuta tenti kwa kilomita 190. Ile 82 ndiyo mambo. Ni nambari ya mzigo, na 82 inamaanisha kilo 475. Tairi mbili, kilo 950. Ni saizi ya Demio, gari la kwenda supamaketi.

Haya, mzigo wetu. Trela tupu, kama kilo 400. Viti vya plastiki 200, kila kimoja kilo mbili na nusu, hapo ni 500. Tenti mbili na nguzo zake za chuma, 300. Spika na amplifaya, 150. Jenereta, 90. Vijana wawili, 130. Jumla 1,570. Hata ukitoa kiasi kidogo ambacho pikapu inabeba pale trela inapofungwa, bado tumezidisha karibu kilo mia sita. Si mara moja. Kila wikendi, kwa miaka.

Anko alinyamaza. Halafu akauliza swali zuri kuliko yote ya siku hiyo: "Na mbona hazijawahi kupasuka?"

Jibu langu lilikuwa kwamba zimekuwa zikipasuka polepole. Tairi iliyobebeshwa kupita kiasi inajikunja sana ubavuni, kujikunja kunaleta joto, joto linaachanisha matabaka ya ndani. Huoni kitu. Siku moja ngozi ya juu inachomoka nzima. Na ukiniuliza kuhusu zile trela za miwa kule Bukembe zinazotembea na tairi zimekuwa vipara, angalia zinavutwa na nini. Trekta. Zinatambaa. Joto linakuja na mwendo, na sisi hatutambai, kwa sababu ukichelewa matanga, wazee wanakaa juani na jina la biashara ndilo linazikwa.

Tukaenda duka la pili, la tairi mpya. Ekseli ya trela yetu ilitoka kwa Hiace ya zamani na rimu zake, kwa hivyo rimu hazikuwa shida. Ni mtu tu, kabla Anko hajainunua, aliyezivisha tairi za salon kwa sababu ni rahisi. Tukaitisha 185R14C. Hiyo C mwishoni ndiyo unatafuta, ni tairi ya gari la kazi. Nambari yake ya mzigo ilikuwa 102, yaani kilo 850 moja. Mbili, 1,700. Mzigo unaingia na nafasi inabaki. Tarehe zake zilikuwa za mwaka jana. Bei, elfu tisa na mia tano kila moja.

Kumi na tisa elfu dhidi ya saba. Hapo usimhukumu Anko haraka. Ile tofauti ya elfu kumi na mbili ni mishahara ya vijana wale wale ninaosema nawalinda. Alitoka nje akasimama na mikono nyuma, nikamwacha. Aliporudi alianza kuzililia Yana. Watu wa rika lake wakiingia duka la tairi lazima wazililie Yana: zilitengenezwa hapa Nairobi, kwa kiwanda kilichoanza kama Firestone East Africa mwaka 1969, baadaye kikawa Sameer Africa, na 2016 kikafungwa baada ya kulemewa na tairi za bei ya chini kutoka nje. "Yana ulikuwa unanunua tu, huulizi," akasema. Labda. Siku hizi rafu ina majina hata mwenye duka hawezi kuyatamka, kwa hivyo soma ubavu wa tairi, usisome jina.

Alilipa zote mbili. Ya akiba alisema tungoje mwezi ujao, na bado tunangoja.

Mambo mawili ambayo hakuna mtu alituambia dukani. La kwanza, 185R14C ni ndefu kuliko 175/65R14, inapanda kama sentimita tatu kutoka katikati hadi ukingoni. Tulipofunga ikabaki nafasi ya kidole kimoja kwa madigadi. Trela ikishuka kwa tuta ingekuwa inasugua. Fundi wa kuchomelea alizipandisha madigadi kwa mia nane. Pima kabla hujalipa.

La pili ni upepo. Mtu wa pancha akiona rimu ya inchi 14, mkono wake unaenda kwa 32 wenyewe, kama salaam. Zile kilo 850 tairi inazibeba ikiwa imejazwa kulingana na ubavu wake, na yetu ilikuwa imeandikwa 65. Ukiijaza 32 umenunua tairi ya gari la kazi na kuirudisha kuwa Demio. Nilibishana na jamaa wa pancha mpaka Anko akaja kusema, "Fanya vile Mama amesema." Na upime ikiwa baridi, kabla ya kutoka Kitale. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, Bungoma kama 1,400, unashuka kwa joto na presha inapanda yenyewe njiani. Usiipunguze ukifika.

Safari ya kwanza ilikuwa matanga upande wa Chwele. Tulitoka saa kumi na moja asubuhi, Kiminini, na pale Kamukuywa nikamwomba Anko asimame niguse tairi. Zilikuwa na joto la kawaida, kama kikombe ambacho umemaliza chai. Zile za zamani, vijana waliniambia, walikuwa wanaziwekea mkono wanautoa. Walikuwa wanajua. Hakuna mtu aliwauliza.

Bado zilibaki zile za zamani. Anko alikuwa amepata mteja, mia tano kila moja, jamaa wa mitumba. Najua zinakoenda: dawa nyeusi, rafu, trela ya mtu mwingine. Nilizipeleka kwa mtu wa akala, akazikataa, akasema nyaya za ndani zinaharibu kisu. Kwa hivyo nilizikata ubavu na msumeno wa chuma, jioni nzima, na nikamlipa Anko elfu yake kutoka kwa pesa yangu ya video. Alizipokea bila kusema kitu, akahesabu mara mbili.