Zima Taa, Uone Vimulimuli wa Bomet

Je, msomaji, ni lini ulipokaa gizani kwa hiari yako? Kwetu sisi wa mjini giza ni dalili ya shida. Stima imepotea, au bili haijalipwa. Ndiyo maana binti yangu wa miaka tisa aliponiuliza kama kimulimuli ni mdudu wa kweli au ni wa hadithi, niliona haya. Nikaamua kwamba likizo ya Aprili ikifika tutakwenda kwa nyanya yake, huko Bomet, tukamlete mdudu huyo nyumbani. Si ndani ya chupa, kama tulivyofanya sisi utotoni, bali ndani ya picha.

Kutoka Nairobi unaweza kupitia Narok ukafika Bomet moja kwa moja. Lakini ukisafiri na watoto, nakushauri uzunguke kupitia Nakuru hadi Kericho, mwendo wa kilomita 260 hivi, ili waione nchi ya majanichai. Mji huo uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua huko hunyesha alasiri nyingi za mwaka. Tangu miaka ya 1920, makampuni yamelima majanichai kwenye vilima hivyo, yakakatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi siku ya kufungua shule. Kutoka hapo unapita Litein na Kapkatet, kisha Kaplong unapinda kushoto kuelekea Bomet.

Usidhani, hata hivyo, kwamba utawapata vimulimuli katikati ya majanichai. Isitoshe, mashamba makubwa ni mali ya watu na yana walinzi. Usiingie humo usiku bila ruhusa. Kimulimuli mtafute pembezoni, palipo na nyasi ndefu, vichaka na unyevu, hasa kando ya kijito. Kwetu sisi mahali hapo ni bonde dogo ambalo maji yake huenda katika mto Nyangores, ule unaoungana na Amala kuwa Mto Mara.

"Hao wadudu wako," alisema mama yangu, ambaye watoto humwita kogo, "lakini si kama zamani." Nilipoteremka bondeni nikaelewa. Nilipokuwa mtoto, pande zote mbili za kijito zilikuwa nyasi na vichaka. Sasa majanichai na mikaratusi imefika karibu na maji. Kilichobaki ni ukanda mwembamba kati ya shamba letu na la jirani, wala si mpana kuliko barabara ya matatu.

Usiku wa kwanza tulishindwa kabisa. Jirani ana taa ya ulinzi juu ya zizi lake, na mwanga wake unamulika bonde zima. Picha zangu zote zilitoka kama ukungu mweupe. Binti yangu alihesabu vimulimuli wawili, akaniuliza kama hiyo ndiyo sababu ya kusafiri kutwa nzima.

Hapa yafaa ujue kwa nini taa ile ilituharibia kazi. Kimulimuli ni wa jamaa ya mbawakawa, na duniani kuna aina zaidi ya 2,000. Mkiani mwake mna kemikali iitwayo lusiferini. Ikikutana na oksijeni, kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho lusiferasi, hutoa mwanga usio na joto la kuhisika. Katika aina nyingi dume huruka akimweka kwa mpango maalum, na jike aliyetulia nyasini humjibu. Hayo ndiyo mazungumzo yao ya uchumba. Mdudu aliyekomaa huishi wiki chache tu, ingawa akiwa buu ameishi muda mrefu zaidi kwenye udongo wenye unyevu, akila konokono na koa. Mwanga mkali ukimulika katika wiki hizo chache, dume na jike hawaonani, na kizazi kinapungua.

Asubuhi nilikwenda kwa jirani na ombi langu. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Kijana wangu, mwaka jana niliibiwa ng'ombe wawili. Wewe utarudi Nairobi na picha, mimi nibaki na zizi tupu?"

Sikuwa na jibu. Ni rahisi mtu wa mjini kuja kupenda giza la wengine, ilhali yeye kwake amefunga milango ya chuma na kuajiri mlinzi. Niliomba radhi nikarudi nyumbani. Ni mama aliyekwenda jioni kuzungumza naye, jirani kwa jirani. Walikubaliana kwamba taa itazimwa kwa nusu saa tu, saa moja na nusu hadi saa mbili, na mimi nitamtuma mpwa wangu mwenye nguvu asimame langoni pa zizi na tochi mkononi.

Ukitaka kujaribu kazi hii, fanya hivi. Chagua usiku usio na mbalamwezi, na ikiwezekana uwe na joto kidogo baada ya mvua. Fika kabla ya giza, uweke kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, uilenge kwenye kichaka kilicho mita chache mbele yako, kisha uzime ile sehemu inayotafuta shabaha yenyewe. Fungua lenzi hadi mwisho, weka ISO 1600, na uache kamera ipokee mwanga kwa sekunde 15 au 20. Tumia kipima muda ili mkono wako usiitikise. Simu nyingi za kisasa pia zina mpango wa usiku, nazo zitafaa zikiwekwa mahali imara. Flashi usiiguse kamwe. Tochi yako ifunge kwa karatasi nyekundu ya nailoni, vaa viatu vya mpira kwa sababu ya siafu na nyoka, na kila mara ufute umande kwenye lenzi. Baadaye unaweza kupandanisha picha kadhaa kwenye kompyuta ziwe moja, lakini ukiwaonyesha watu, waambie ukweli kwamba ulifanya hivyo.

Saa moja na nusu taa ikazimika. Kwa dakika kadhaa hatukuona chochote, na binti yangu akanishika mkono. Kisha mmoja akawaka karibu na maji. Wa pili akajibu kutoka nyasini. Baada ya robo saa ukanda ule mwembamba ulikuwa na mwanga huku na huku, na mtoto akaacha kuhesabu. Nilisikia hatua nyuma yetu. Alikuwa mzee mwenyewe, rungu begani. Alisimama kimya kwa muda mrefu.

"Kumbe bado wapo," alisema. "Nilidhani walikwisha."

Saa mbili kamili taa ikawashwa, na ng'ombe wote walikuwepo. Lakini kabla hatujaondoka, mzee aliniita nimsaidie kukata debe kuukuu. Tukalifanya kofia ya ile balbu, mwanga ukaanguka kwenye lango la zizi pekee, na bonde likabaki na giza lake. Akasema kwamba hata yeye sasa anaona vizuri zaidi, kwani mwanga hauingii machoni mwake. Alisema pia kwamba ule ukanda wa nyasi hataulima, na mama akaahidi hivyo hivyo upande wetu.

Kati ya picha arobaini nilizopiga, tatu ndizo zilizofaa. Moja iko ukutani sebuleni mwetu, na wageni hudhani ni nyota. Basi likizo ijayo, msomaji, ukienda mashambani, wapeleke watoto bondeni usiku mmoja. Na kama kuna taa ya jirani, anza kwa kumwuliza kwa nini aliiweka, ndipo umwombe aizime. Ukiondoka usisahau kumwambia "kongoi".