Monita Haikuwa Mbovu

Mwezi wa nne mwaka jana nilimwambia kijana mmoja kwamba monita yake ni mbovu. Haikuwa mbovu. Linalonisumbua zaidi ni kwamba nilipolitamka neno hilo sikuwa na hakika nalo. Nilikuwa nimeishiwa maneno mengine, na mbele yangu alikuwa amesimama mtu anayeniamini.

Mimi ni fundi wa kompyuta, Kariakoo, Dar es Salaam, mwaka wa kumi na mbili sasa. Laptopu za gemu zilikuwa chache nilipoanza kazi. Siku hizi naletewa kila wiki, nyingi zikiwa za mtumba kutoka Dubai, na vijana wanaozileta wamezinunua kwa jasho hasa. Huyu ninayemsema anaendesha bajaji ya mjomba wake huko Mbagala, zamu ya usiku. Alikuja Jumatatu asubuhi moja kwa moja kutoka barabarani, macho mekundu, akaniamkia, akaweka mezani laptopu aliyoifunga kwenye taulo.

Ilikuwa mashine ya mwaka 2019: prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha tisa, kadi ya picha ya Nvidia GTX 1650 yenye kumbukumbu ya GB 4, kijiti kimoja cha RAM cha GB 8, na SSD ya GB 512. Wiki moja kabla alikuwa amenunua monita ya inchi 27, ya pikseli 2560 kwa 1440, yenye uwezo wa hezi 144, kwa shilingi 520,000. Ilikuwa akiba ya miezi saba. Aliipakata kwenye daladala kutoka Kariakoo hadi nyumbani na akalipia siti mbili, ili boksi lisibanwe na abiria.

"Fundi, nimeichomeka na picha inakuja vizuri," alisema. "Lakini nikicheza, mwendo ni uleule wa kioo cha laptopu. Niongeze nini ili monita ifanye kazi yake?"

Anacheza Counter-Strike 2. Anayeijua gemu hiyo anaelewa kwa nini mtu wa kipato chake anaweka akiba miezi saba kwa ajili ya hezi. Kwenye hezi 60 kioo kinabadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7. Kwenye 144 ni chini ya milisekunde 7. Adui anayechungulia pembeni mwa ukuta anaonekana mapema kidogo, na mkono unajibu mapema kidogo. Kijana huyu alikuwa ameyasoma yote hayo kwenye simu, kituoni, akisubiri abiria. Alijua anachokitaka, na swali lake lilikuwa sahihi kuliko maswali mengi ninayoulizwa.

Fundi aliye makini angeanza na tundu. Angeuliza picha inatokea wapi, inapita njia gani hadi kufika kwenye waya, na njia hiyo inabeba kiasi gani. Mimi nilivuta droo. Ndani mlikuwa na vijiti viwili vya RAM vya GB 8 na SSD moja ya TB 1, mzigo uliokaa kwangu miezi miwili bila mnunuzi, na kodi ya fremu ninayofanyia kazi ilikuwa inakaribia. Nikamwambia mashine yake imebanwa, RAM ni ndogo na diski ni ndogo, ndiyo maana monita haipumui. Nakumbuka vizuri kwamba nilitumia neno hilo, haipumui, kwa sababu nilimwona akitikisa kichwa kukubali.

Vijiti viwili vilikuwa shilingi 140,000, SSD 190,000, ufundi 30,000. Alilipa 200,000 siku ileile na zilizobaki akazileta Ijumaa, noti za elfu mbili na elfu tano zikiwa zimekunjwa kama anavyozipokea kwa abiria.

Nisijidhulumu wala nisijipendelee: RAM ilisaidia. Kijiti kimoja kinafanya kazi kwa chaneli moja. Viwili vinafungua chaneli mbili, na prosesa inapata data kwa kasi zaidi. Kwenye gemu inayoitegemea prosesa kama hiyo, tofauti ni ya kweli. Kabla ya kazi hesabu ya fremu, yaani picha zinazochorwa na gemu, ilikuwa ikicheza kati ya 70 na 80 kwa sekunde, baada ya kazi ikapita 100. Lakini hata hapo kingetosha kijiti kimoja zaidi, kwa nusu ya bei. SSD haikuwa na kazi yoyote kwa alichokiuliza. Ile aliyokuwa nayo ilikuwa nzima, ya kasi, na ilikuwa na nafasi. Diski hupakia gemu. Haipeleki picha kwenye kioo.

Ijumaa alikuja na monita yake, kwa daladala tena, ili aione ikifanya kazi mbele yangu. Tukaichomeka. Nikafungua mipangilio ya kioo, nikatafuta 144, haikuwepo. Iliyokuwepo ilikuwa 60 peke yake. Nikabadilisha waya wa HDMI, 60. Nikabadilisha tena, 60. Nikajaribu tundu la USB-C, picha haikutoka kabisa. Matundu ya USB-C kwenye baadhi ya laptopu ni ya data tu, hayana njia ya picha, na hilo nilikuwa nalijua tangu zamani. Nililijaribu ili mikono yangu ionekane ina shughuli.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema "sijui, niachie nitafute". Kijana angekubali, maana hana haraka na mtu. Lakini nilikuwa nimeshapokea 360,000, na "sijui" ingeleta swali la pili: kama hujui, umeniuzia vyote hivi kwa ajili gani? Nikaigonga monita kidogo kwa kidole, nikasema, "Dogo, hii monita ina kasoro. Wamekuuzia hezi za kwenye karatasi."

Akairudisha dukani. Duka lenyewe liko mitaa miwili kutoka kwangu na mwenye duka tunafahamiana kwa salamu. Alimkatalia mwanzoni, akasema ameijaribu na ni nzima. Kijana akasema fundi ameikagua na kuiona mbovu. Wakabishana hadi watu wakasimama. Mwishowe akarudishiwa 350,000. Kwa hiyo alipoteza 170,000 juu ya zile 360,000 alizoniachia mimi. Jumla ni 530,000, zaidi ya bei ya monita yenyewe, na akarudi kucheza kwenye kioo cha laptopu.

Ukweli niliupata mwezi wa saba, na haukunijia kwa sababu niliutafuta. Dada mmoja mhasibu alileta laptopu ya aina ileile, toleo lilelile, pamoja na monita yake ya hezi 144. Naye alikuwa anapata 60 tu na alitaka kujua sababu, basi. Sikuwa nimemuuzia kitu, kwa hiyo sikuwa na cha kulinda. Nikafungua programu ya mipangilio ya Nvidia, nikaenda kwenye ukurasa unaoonyesha ni kioo gani kimeunganishwa na kadi ipi. Monita ilikuwa imechorwa chini ya Intel. Chini ya Nvidia hapakuwa na kitu.

Laptopu nyingi za aina hii zina kadi mbili za picha. Iko ndogo ya Intel ndani ya prosesa, na iko kubwa ya Nvidia. Tangu 2010 Nvidia ina mpangilio uitwao Optimus ambao umekusudiwa kutunza betri: Nvidia inapika, Intel inapakua. Picha ya gemu inachorwa na kadi kubwa, kisha inakabidhiwa kwa ile ndogo ili iipeleke kwenye kioo. Kwenye baadhi ya laptopu tundu la HDMI limeunganishwa moja kwa moja na Nvidia. Kwenye nyingine, kama hii, limeunganishwa na Intel. Kwa nje matundu yanafanana kabisa. Na Intel ya kizazi hicho, isipowekewa na mtengenezaji kifaa cha kuiongezea uwezo, inatoa HDMI 1.4 tu, yaani kanuni za mwaka 2009, ingawa HDMI 2.0 ilishatangazwa tangu 2013.

Ukipiga hesabu inakuwa wazi. Picha ya 2560 kwa 1440 ina pikseli 3,686,400, na kila pikseli inabeba biti 24. Mara 144 kwa sekunde unapata karibu gigabiti 12.7. HDMI 1.4 inapitisha gigabiti 10.2, na ukitoa zinazotumika kuiandaa data yenyewe kwa safari zinabaki kama 8.2 za picha. Kwa hezi 60 unahitaji 5.3, zinapita. Kwa 144 hazipiti hata ufanye nini. Anayevuka kwenda Kigamboni anaijua hali hii: hata ukipanga magari vizuri namna gani upande wa Magogoni, pantoni itabeba kiasi chake. Mimi nilikuwa nimemuuzia kijana barabara mpya ya kufikia kivukoni.

Nilipofika hapo nikajaribu kitu kimoja zaidi, na hiki ndicho kilichoninyima usingizi. Nikashusha ukubwa wa picha hadi pikseli 1920 kwa 1080. Hesabu yake kwa hezi 120 ni kama gigabiti 6, nayo inaingia ndani ya zile 8.2. Nikafungua orodha ya hezi, na 120 ilikuwepo pale. Nikaibonyeza, kioo kikazima sekunde moja, kikawaka. Nikausogeza mshale wa kipanya huku na huku, unateleza kama maji. Maandishi yalififia kidogo kwa sababu monita ilikuwa inatanua picha ndogo, na yule dada kwa kazi zake za hesabu akachagua kubaki na maandishi makali ya hezi 60. Lakini kwa mtu wa Counter-Strike lilikuwa jibu kamili. Tena GTX 1650 inaimudu picha ya 1080 kwa raha kuliko ya 1440. Ilichukua dakika mbili na haikugharimu hata shilingi. Ningeweza kuifanya ile Ijumaa ya mwezi wa nne, monita ikiwa mezani kwangu.

Sikumpigia simu siku hiyo, wala wiki hiyo. Nilijiambia ameshasahau. Nilijiambia RAM inamsaidia. Nilijiambia nikimwambia atawaambia wenzake wa kituoni, na wale ni wateja. Namba yake nilikuwa nayo. Zilipita wiki tisa, na mara mbili katika wiki hizo alipita nje ya fremu yangu akanipungia mkono, nami nikampungia.

Nilimwita mwezi wa tisa. Aliketi kwenye stuli nami nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, kuanzia droo hadi wiki tisa. Nilimwonyesha ule ukurasa wa Nvidia kwenye mashine yake mwenyewe. Hakupandisha sauti. Alitazama kioo kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo yule mzee wa duka alikuwa anasema kweli?"

Nilimjibu ndiyo.

"Nilimwita tapeli mbele za watu, fundi. Na wenzangu watatu niliwakataza wasinunue kwake."

Hilo sikuwa nimelipigia hesabu kabisa. Katika kujihukumu kwangu kote nilikuwa nafikiria fedha tu. Nilimchafulia mtu jina kwa mdomo wa kijana huyu, nikamfanya na yeye ashiriki dhuluma bila kujua, naye ni mtu anayeona haya sana kukosana na mkubwa.

Tulikwenda wote wawili kesho yake saa nne. Nilizungumza mimi, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Kijana aliomba radhi kwa maneno yake. Mzee alitusikiliza akiwa amesimama, hakutukaribisha kiti, na sikumlaumu. Alisema monita ile aliiuza kwa mshonaji wa hapo jirani kwa bei ya kitu kibovu, na kwamba yeye na aliyemletea mzigo waligombana, hadi leo hawazungumzi. Kijana aliuliza kama anaweza kuiona. Mzee akatuelekeza.

Ilikuwa juu ya meza ya mshonaji, kando ya cherehani ya kutarizi, imejaa maua ya rangi ya dhahabu yanayosubiri kupelekwa kwenye kitambaa. Rangi zilikuwa safi, hapakuwa na doa hata moja. Kijana alisimama mlangoni kidogo, akamsifia mshonaji kazi yake, kisha tukaondoka.

SSD niliyomuuzia kijana niliichukua, nikamrudishia ile ya kwanza na kila kilichokuwemo, na siku hiyohiyo nikampa 190,000. RAM amebaki nayo. Hasara ya monita na ufundi ni 200,000, namlipa kwa awamu za elfu hamsini, na hadi sasa nimelipa mbili. Kwa mzee nimekwenda mara ya pili, peke yangu, na safari hiyo aliniambia nikae.