Pikipiki Barazani: Ujirani katika Kilima cha Old Kampala

Mtu apandaye kutoka Barabara ya Namirembe kuelekea Old Kampala huacha nyuma yake kelele za magari ya abiria, na mara huingia katika mitaa yenye nyumba za kale za maduka, nyingi zikiwa zimejengwa na wafanya biashara wa Kihindi zamani za ukoloni. Huko juu kilimani ndiko Kapteni Lugard alikojenga ngome yake mwaka 1890. Jina la mji wenyewe latokana na kilima hicho, kwa kuwa Waganda walikiita kilima cha swala pala. Leo swala hawapo tena. Umesimama hapo Msikiti wa Taifa, na aliyepanda mnara wake huziona Namirembe, Rubaga na Mengo kwa mtazamo mmoja.

Nyumba hizo za kale zina sifa moja njema. Mbele ya maduka pana baraza pana lenye paa, ambalo humkinga mpita njia na jua na mvua. Hapo fundi cherehani huweka mashine yake, mama huuza ndizi na karanga, na wazee hupumzika. Baraza si mali ya mpangaji mmoja. Ni njia ya watu wote waendao kwa miguu.

Siku hizi baraza limepata mgeni mwingine, nayo ni pikipiki. Biashara ya boda boda ilianzia Busia katika miaka ya 1960, ambako baiskeli zilibeba watu na mizigo kati ya mpaka wa Uganda na ule wa Kenya. Baadaye pikipiki zikachukua nafasi ya baiskeli, na leo hakuna mtaa wa Kampala usiokuwa nazo. Vijana wengi hula kwa kazi hiyo, na wengi huendesha pikipiki ya mkopo ambayo kila juma lazima ilipiwe.

KISA CHA JIRANI WAWILI

Katika mojawapo ya nyumba hizo anaishi askari mstaafu aliyepoteza mguu wake vitani kwa bomu la kutegwa ardhini. Hutembea kwa magongo. Kila alfajiri hutoka kwenda kuswali, na njia yake ni baraza hilo. Jirani yake, kijana wa boda boda, alikuwa na desturi ya kurudi usiku wa manane na kuiegesha pikipiki yake kukingama, gurudumu moja likigusa ukuta na jingine likifika ukingoni. Mtu mwenye miguu miwili aliweza kuruka. Mzee hakuwa na budi kushuka mtaroni, kisha barabarani, gizani, magari yakipita.

Tena palikuwa na mafuta yaliyodondoka sakafuni. Gongo likanyagalo mafuta halina breki. Asubuhi moja mzee alianguka, na mkewe akamkuta ameketi mtaroni, kanzu imelowa. Siku hiyo hiyo mtoto wa ghorofani aliungua mguu kwa bomba la moshi lililokuwa bado moto.

Mke wa mzee alitaka polisi waitwe pikipiki ikamatwe. Polisi mmoja anayepanga chumba nyumba hiyo hiyo akamjibu, "Mama, kuikamata ni kazi ya dakika tano. Lakini kesho mtaamka tena mlango kwa mlango. Tumsikie kwanza."

Basi wakaenda kwa mwenyekiti wa LC 1. Mabaraza haya ya mitaa yaliyoenea nchini tangu mwaka 1986 yakiitwa RC yamewazoesha wananchi kumaliza ugomvi mdogo karibu na nyumbani, na sheria ya mwaka 2006 iliyapa mahakama zake.

Kijana aliulizwa kwa nini hatumii ua wa nyuma. Akajibu kwa heshima, "Afande, lango la ua hufungwa saa tatu, nami ufunguo sina. Nikiiacha barabarani itaibwa, na deni litabaki. Watoto wangu watakula nini?" Hapo ndipo ilipojulikana kwamba ua ulifungwa tangu wapangaji walipogombana juu ya nani aufagie. Ugomvi wa ufagio ndio uliomwangusha mzee mtaroni.

Uamuzi ulikuwa mwepesi. Ufunguo wa pili ulichongwa kwa gharama ya kijana. Wapangaji waliandikiana zamu za kufagia. Pikipiki italala uani, mbali na majiko ya mkaa, nayo mchana ikisimama mbele ya nyumba kwa muda mfupi itasimama chini, ukingoni mwa barabara, wala si barazani. Kijana aliyasugua mafuta kwa sabuni na mchanga mwenyewe. Mzee naye akasema, "Mwanangu, mimi huamka kabla ya adhana. Nitakuwa mlinzi wa pikipiki yako."

FUNZO KWA NYUMBA ZETU

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inalinda haki zao, na njia ya kupita ni mwanzo wa haki hizo zote. Lakini sheria haiamki usiku wa manane kuisogeza pikipiki. Anayeweza kufanya hivyo ni jirani aliyekumbuka kwamba nyuma yake atapita kipofu, mama mwenye mimba au mtoto aendaye shule. Katika kambi za jeshi na za polisi pia, ambamo familia nyingi hutumia ujia mmoja, jambo hili lafaa kuzungumzwa mapema, kabla mtu hajaanguka.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Katika nyumba ile ya Old Kampala, usiku pikipiki husikika ikizimwa huko chini mtaani na kusukumwa polepole hadi uani, ili wenye kulala wasiamke. Alfajiri husikika magongo yakigonga sakafu ya baraza, hatua kwa hatua, bila kusita.