Hitilafu Iliyojirekebisha Yenyewe

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa Isiolo, kwetu Bulla Pesa, nikimuuguza shangazi yangu aliyepigwa na kiharusi. Makala ya hifadhidata niliyoahidi itasubiri kidogo. Leo naomba mnivumilie niandike kuhusu ubongo, presha na saa. Mimi si daktari, kazi yangu ni kuandika programu. Ya kitabibu nitakayoyasema nimeyasoma na kuwauliza wenye ujuzi wao.

Kwa wasioijua Bulla Pesa, ni mtaa wa mji wa Isiolo wenye watu wa kila aina: Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru na wengineo. Shangazi anauza maziwa ya ngamia. Alfajiri anapokea jerikeni, anaonja, anachuja, na mengine anayapakia kwenye basi la Nairobi. Ndiye aliyenilipia karo ya chuo. Kompyuta yangu ya kwanza ilinunuliwa kwa maziwa ya ngamia, na hilo silisahau.

Alhamisi moja jioni alinipigia simu. Baada ya salamu akaniambia, huku akicheka, "Mwanangu, leo mkono umenifanyia vituko. Nilishika birika likaanguka. Mkono haukusikia. Na mdomo ukawa mzito kama nimetoka kung'olewa jino."

"Sasa je, Shangazi?"

"Sasa niko sawa. Ilikuwa kama dakika kumi tu."

Nikamwambia amechoka, apunguze kubeba jerikeni, anywe maji, alale mapema. Nilikuwa na kazi mezani. Tukaagana.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi tunaofanya kazi moja. Sisi tunajua kwamba hitilafu mbaya kuliko zote ni ile inayokuja na kupotea. Seva ikizima ikabaki imezima, angalau unajua pa kuanzia. Seva ikizima dakika kumi kisha ikaamka yenyewe, mwandishi wa programu mvivu anasema "imejirekebisha", anafunga faili na kwenda kula. Kijana wa kazini akinifanyia hivyo namkaripia. Shangazi aliponiletea hitilafu ya namna hiyo hiyo, nilifunga faili.

Alichopata Alhamisi kina jina. Ni kiharusi kinachopita. Damu iliyoganda inaziba mshipa wa ubongo kwa muda, kisha kizibo kinayeyuka au kusogea, damu inapita tena na mtu anakuwa mzima. Haumi popote, kwa hiyo anacheka. Kumbe ni onyo. Utafiti mmoja wa California uliochapishwa mwaka 2000 uliwafuatilia wagonjwa 1,707 wa hali hii. Katika siku 90, kiasi cha mmoja kati ya kumi alipata kiharusi kamili, na nusu ya hao walikipata ndani ya siku mbili za kwanza. Siku mbili! Alhamisi jioni hadi Jumamosi.

Jumamosi ndiyo siku yenyewe.

Jirani aliingia kuchukua maziwa akamkuta shangazi ameketi chini, mdomo umeshuka upande wa kulia, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Alijaribu kusema, yakatoka maneno yasiyo maneno. Nyumba ikajaa watu. Mmoja akasema ni jicho, mwingine akasema ni jini. Mwingine akaleta chai ya moto anyweshwe, na mwingine akatafuta aspirini. Siwalaumu, kila mtu alileta alichonacho. Lakini ilipita karibu saa nzima kabla ya kupata Probox ya kumpeleka hospitali.

Hebu nieleze kwa nini ile chai na ile aspirini zilikuwa hatari. Aliyepigwa na kiharusi huenda hawezi kumeza sawasawa, chai ikaingia mapafuni. Na aspirini? Hapa ndipo penye jambo ambalo mtu wa kompyuta atalielewa haraka. Kiharusi kina aina mbili kubwa. Katika aina ya kwanza, ambayo ndiyo nyingi, mshipa umeziba. Katika ya pili mshipa umepasuka na damu inavuja ndani ya kichwa. Kwa nje, mgonjwa anaonekana yule yule: uso umeshuka, mkono umelegea, maneno yamepotea. Ujumbe wa kosa ni mmoja, chanzo ni viwili, na tiba ya kimoja inaweza kumuua mwenye kingine. Dawa ya kulegeza damu ukimpa mwenye mshipa uliopasuka, unamwagia petroli motoni. Hakuna anayeweza kubahatisha kwa macho, awe shehe, muuguzi au profesa. Lazima picha ipigwe.

Na mashine ya picha hiyo, ile ya CT, tunaweza kujivunia kidogo sisi watu wa kompyuta. Aliyeibuni, Godfrey Hounsfield, alikuwa mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza, na kabla ya hapo aliongoza utengenezaji wa kompyuta iliyoitwa EMIDEC 1100. Wazo lake lilikuwa hili: piga eksirei kutoka pembe nyingi, kisha iachie kompyuta ipige hesabu na kuchora kilichomo ndani. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa mjini London tarehe 1 Oktoba 1971, na mwaka 1979 Hounsfield na Allan Cormack walipewa Tuzo ya Nobel. Katika picha hizo damu iliyovuja huonekana nyeupe. Kabla ya hapo, kuitofautisha na mshipa ulioziba ilikuwa kazi ya kukisia.

Hospitali ya kwanza siku hiyo haikuweza kumpiga picha. Wakampima presha ikawa 190 kwa 110, wakaandika barua na kumpeleka nyingine nje ya Isiolo. Mimi nilikuwa njiani kutoka Nairobi, nikakutana nao huko. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini mchana.

Daktari akaniuliza swali moja kabla ya yote: "Mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi?" Hakuuliza aligunduliwa saa ngapi. Alitaka saa ambayo mtu ana hakika mgonjwa alikuwa sawa. Akatazama barua. Imeandikwa 5:00.

Nikashtuka. Jirani alikuwa amesema "saa tano". Saa tano yetu ya asubuhi ni 11:00 kwa saa ya Kizungu. Karani akasikia tano, akaandika tano. Jamani, nimepoteza miaka ya ujana wangu nikirekebisha makosa ya saa kwenye programu, na hili hapa moja limekaa kwenye karatasi ya shangazi yangu na kumwongezea saa sita za ugonjwa!

Nikachukua simu yake. Ujumbe wa mwisho wa M-Pesa ulikuwa wa kumlipa mwenye ngamia, saa 10:52 AM. Mtu hawezi kuandika namba ya siri na kiasi sahihi huku mkono na akili vimezimika. Basi 10:52 alikuwa mzima. Daktari akakata ile 5:00 akaandika 10:52.

Kwa nini saa ina uzito hivyo? Kwa sababu ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Marekani iliidhinisha kwa kiharusi mwaka 1996, itolewe ndani ya saa tatu, na utafiti wa mwaka 2008 ulisogeza hadi saa nne na nusu. Baada ya hapo madhara yanaweza kuzidi faida. Wataalamu wamekadiria kwamba kila dakika ambayo mshipa mkubwa umeziba, ubongo unapoteza seli za neva milioni 1.9. Sisi tulikuwa tumetumia saa nne na dakika 48.

Picha ikaonyesha hakuna damu iliyovuja. Mshipa ulikuwa umeziba. Nikaanza kulaumu ile dakika 18 iliyozidi, barabara, chai, Probox. Daktari, mtu mpole, akaniambia, "Usijitese. Hata mngewahi, dawa hiyo hapa hatuna." Hospitali chache tu nchini ndizo zinazoitoa.

Nilipoketi nje usiku ule nikaelewa kwamba Jumamosi haikuwa siku yetu ya kuokoa kitu. Siku yetu ilikuwa Alhamisi. Utafiti wa Oxford wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kiharusi kinachopita wakichunguzwa na kuanzishiwa tiba mara moja, hatari ya kiharusi kufuata ndani ya siku 90 ilishuka kutoka kama 10 kati ya 100 hadi 2. Na tiba zenyewe nyingi ni za kawaida: vidonge vya presha, vya kolesteroli, na aspirini ile ile baada ya daktari kuhakikisha inafaa. Vyote hivyo vingepatikana kwa safari moja ya Ijumaa asubuhi.

Jambo jingine. Shangazi hakuwahi kujua ana presha. Hayuko peke yake: utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta 56 kati ya kila watu wazima 100 hawajawahi kupimwa presha maishani. Presha haiumi, na ndiyo kisababishi kikubwa cha kiharusi.

Sasa anaendeleaje? Anatembea kwa fimbo. Mkono wa kulia bado mzito. Maneno ndiyo maajabu. Ukimwonyesha kikombe hawezi kukitaja, lakini Alfatiha anaisoma yote bila kukosea, na akianza kuhesabu lita, moja, mbili, tatu, anafika ishirini. Mtaalamu wa mazoezi ya kusema alinieleza kwamba maneno tuliyoyazoea tangu utotoni huweza kubaki hata njia za kutafuta neno jipya zinapokatika. Binti yake ndiye anayepokea maziwa sasa, yeye ameketi pembeni anaonja na kutikisa kichwa ndiyo au la. Bado hakosei.

Nilitengeneza programu ndogo inayotuma SMS kila jioni kukumbusha vidonge. Inafanya kazi, lakini nikiri kwamba inayofanya kazi zaidi ni binti yake kusimama mbele yake na glasi ya maji.

Kwa ufupi, chukueni haya manne:

1. Uso: mwambie atabasamu. Je, upande mmoja umeshuka?
2. Mikono: ainue yote miwili. Je, mmoja unaanguka?
3. Maneno: aseme sentensi rahisi. Je, inaeleweka?
4. Muda: andika saa ya mwisho alipokuwa mzima, na useme asubuhi au jioni, saa ya Kiswahili au ya Kizungu. Kisha hospitali mara moja, bila chai na bila kidonge.

Na dalili zikipita zenyewe, nendeni vile vile. Mama, baba au shangazi akikupigia akicheka kwamba mkono umemfanyia vituko, usimwambie alale. Mimi nilimwambia.

Makala ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye hifadhidata. Kabla ya hapo, nendeni mkapimwe presha.