Jina la Bawabu

Nilikwenda Kitale kumsikiliza mwandishi wa visa vya kweli vya uhalifu. Alimtaja John Kiriamiti, mnyang'anyi wa benki aliyegeuka mwandishi, kuwa ndiye aliyemfungulia njia kwa My Life in Crime (1984). Niliitikia kwa kichwa, kwani kitabu hicho hukifunza katika fasihi linganishi, nikisisitiza nafsi ya kwanza na kasi ya usimulizi wa Jack Zollo.

Ndipo mama mmoja, mjane wa bawabu aliyeuawa na wezi, akasimama. "Mwanangu, katika kitabu chako bawabu anaitwa nani?"

Mwandishi akapekua kurasa. Bawabu hakuwa na jina.

Ndani ya matatu ya kurudi Bungoma, kutoka Kiminini hadi Webuye, nilikuwa nikimhakiki Kiriamiti upya. Mwaka 1989 alimpa Milly, mpenzi wa Zollo, kitabu chake; sauti ya pili nayo, basi, ikatoka nyumbani kwa mnyang'anyi yule yule. Walioibiwa wangali nje. Nami kwa miaka kumi na minne nimewatahini wanafunzi kuhusu "mvuto wa msimulizi"!

Mtihani wa muhula huu umekwisha pigwa chapa. Nimeomba urudishwe.