Matti Tedre na Elimu ya Kompyuta Iringa

Matti Tedre ni profesa wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Mashariki mwa Finland, mjini Joensuu. Sehemu muhimu ya kazi yake ilifanyika Iringa, Tanzania, alikofundisha na kushiriki kuijenga programu ya shahada ya teknolojia ya habari katika chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Tumaini, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Iringa.

Msingi wa kazi hiyo uliwekwa katika tasnifu yake ya udaktari ya 2006, iliyochunguza jinsi jamii na utamaduni vinavyoijenga sayansi ya kompyuta. Hoja yake ni kwamba mifumo ya kompyuta hubeba mahitaji na mazoea ya walioiunda, hivyo huenda isiwafae watu wa mahali pengine. Mwaka huohuo, yeye na wenzake, wakiwemo Mikko Vesisenaho na Erkki Sutinen, walieleza hatua nne: kuingiza teknolojia kutoka nje, kuhamisha ujuzi wake, kuitumia kutatua shida za wenyeji, na hatimaye kubuni teknolojia inayochipuka katika mazingira yenyewe.

Programu ya Iringa ilianza 2007. Umeme ulikatika, au ulipanda na kushuka ghafla. Vumbi na radi viliharibu vifaa. Intaneti ilikuwa ghali na ya polepole. Mtaala ulioandikwa kwa ajili ya Ulaya au Marekani haugusi mambo hayo. Tedre, pamoja na viongozi wa chuo Nicholas Bangu na Seth Nyagava, walieleza mwaka 2009 sababu za kuandaa mtaala unaotokana na hali ya Tanzania. Mwanafunzi alipaswa kujua kuandika programu, na pia kujenga mtandao, kulinda vifaa na kuvitengeneza.

Umuhimu wa kuwa na wataalamu wa aina hiyo karibu unaonekana Mgololo, wilayani Mufindi, mkoani Iringa, kwenye kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi miaka ya 1980 na kinachotegemea miti ya msitu wa Sao Hill. Eneo hilo liko zaidi ya kilomita 500 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Mfumo wa kompyuta ukikwama kiwandani, hospitalini, shuleni au kwenye chama cha akiba na mikopo (SACCOS), kumsubiri mtaalamu kutoka mbali husimamisha kazi na kuongeza gharama. Mkoa unaosomesha wataalamu wake huipunguza hasara hiyo.

Baada ya Iringa, Tedre aliandika historia ya taaluma yake katika kitabu cha 2014, kisha 2019 akachapisha pamoja na Peter Denning kitabu kuhusu fikra za kikompyuta. Katika miaka ya karibuni amejikita katika kuwafundisha watoto wa shule namna mashine zinavyojifunza kutokana na data: wanaunda wenyewe programu ndogo za aina hiyo, wapate kuielewa teknolojia inayowazunguka na kuihoji.