Unaingiaje Hujui Hata Wimbo Mmoja?

Basi la alfajiri kutoka Tanga lilikuwa halijafika Segera, na mtoto wa kaka yangu alikuwa ameshamaliza nusu ya ratiba ya tamasha. Kila bendi iliyopangwa kupiga Ngome Kongwe ya Unguja alikuwa amezipakua nyimbo zake kwenye simu tangu nyumbani, na sasa alikuwa akizipitia moja moja, hedifoni masikioni, uso umekunjamana kama wa mwanafunzi asubuhi ya mtihani. Alinipa upande mmoja wa hedifoni. Nikaurudisha.

"Shangazi, utaingiaje kwenye shoo hujui hata wimbo mmoja?"

"Nitaingia kwa tiketi."

Alicheka, akarudi kwenye simu yake. Lakini swali lilibaki limekaa katikati yetu safari nzima, na nisiseme uongo, lilikuwa swali la haki. Tulikuwa tunakwenda Unguja kwenye Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004 na ambalo huwaleta wanamuziki wa Afrika Mji Mkongwe kila Februari, ukiacha mwaka 2016 lilipokwama kwa kukosa fedha. Muziki pale hupigwa moja kwa moja jukwaani, watu na vyombo vyao. Hakuna mtu kuja kufungua mdomo juu ya wimbo uliokwisha kurekodiwa. Usiku mmoja unaweza kuona bendi ya kusini mwa Afrika, ya magharibi, na kikundi cha Makunduchi, na nyingi kati ya hizo hazijawahi kusikika redioni Tanga hata kwa bahati mbaya. Sasa mtu ajitayarishe, au aende hivyo hivyo?

Sisi tuliokulia zama za Redio Tanzania Dar es Salaam hatukuwa na hiari hiyo. Bendi zilirekodi kwenye studio ya redio, nyimbo zikapigwa asubuhi na jioni mpaka mama anayepeta mchele akawa anazijua kuliko mtunzi. Bendi ilipokuja Tanga kwa ziara, tulikwenda kuangalia sauti ile ina sura gani. Na mambo hayo hayakuanza na redio. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri, na zile santuri zikasambaa pwani yote. Watu wa Mombasa na Lamu ambao hawajawahi kukanyaga Unguja wakawa wanaijua sauti yake. Ila santuri za wakati ule upande mmoja ulibeba kama dakika 3 tu. Wimbo ambao kwenye baraza ungekwenda kwa kadiri ya raha ya wasikilizaji ilibidi ukatwe uenee kwenye sahani. Kwa hiyo watu wa pwani tuna karibu miaka 100 ya kuusikia wimbo ukiwa mfupi kwanza, ndipo tukutane nao ukiwa mrefu.

Nilimweleza kijana haya yote kati ya Mkata na Chalinze. Alitikisa kichwa kwa adabu. Hedifoni hakuzitoa.

Dar es Salaam tulilala usiku mmoja, na kwa kuwa ilikuwa mwisho wa wiki nikamwambia avae shati safi, twende kuwaona Msondo Ngoma. Yeye aliwajua kwa jina tu. Jioni ile, kwa kawaida yake, akazama kwenye simu kutafuta nyimbo zao, na safari hii nikamwacha, tena nikamwelekeza: tafuta zile za zamani, za Muhidin Gurumo, za TX Moshi William. Akasikiliza mpaka tukafika ukumbini, baa moja upande wa Temeke yenye viti vya plastiki na moshi wa nyama choma.

Msondo Ngoma si bendi ya juzi. Ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadili jina bendi nayo ikabadili: JUWATA, OTTU, mpaka leo watu wanaiita Msondo. Gurumo mwenyewe alitoka mwaka 1978 akawa miongoni mwa waliounda Mlimani Park, wale Sikinde, akazunguka, akarudi tena Msondo, akafariki mwaka 2014. TX Moshi alikuwa ametangulia, mwaka 2006. Basi kijana alikuja na sauti za marehemu masikioni, na jukwaani wakasimama watu wengine kabisa.

Nyimbo mbili za mwanzo alikunja uso. "Shangazi, huyu haimbi kama yule." Nikamwambia asubiri, wimbo haujafika. Kwenye muziki wa dansi wimbo una nyumba mbili: kwanza maneno, yanakwenda taratibu, mwimbaji anasimulia mkasa wake na watu wamekaa wanakunywa, halafu linakuja chemko, magitaa yanakaza mwendo, tarumbeta na saksofoni zinajibizana, na viti vyote vinabaki vitupu. Rekodi za redio zina chemko, lakini la kwenye rekodi lina mwisho. La ukumbini linakwisha mpiga solo akiona mmechoka, na usiku ule wazee wa Temeke hawakuwa wamechoka.

Kuna kitu kingine ambacho simu haikumpa. Kwenye kispika cha simu magitaa yale yanakuwa uji mmoja. Ukisimama mbele ya jukwaa unayaona yamegawana kazi: solo linaimba, la pili linalijibu, ridhimu inashikilia sakafu, na besi unaisikia tumboni kabla haijafika sikioni. Kijana alikuwa amesimama karibu na mpiga besi mdomo wazi. Lakini ngoja niwe mkweli kwa upande wake pia: kiitikio kilipofika, alikuwa nacho. Alikijua kutoka kwenye simu. Mzee mmoja mwenye kofia ya bulibuli akamshika mkono, wakaitikia pamoja, kijana wa miaka 20 na kitu na mtu wa umri wa babu yake. Bila ile saa moja ya kusikiliza kabla, angebaki pembeni akipiga picha. Nikasema moyoni, haya, pointi yako.

Asubuhi tukapanda boti. Bahari ilikuwa ya kaskazi, na waliozoea walilala kabla hatujaiacha bandari. Pembeni yangu alikaa mzee wa Unguja aliyekuwa anarudi kutoka hospitali, mtu wa maneno. Tulipomwambia tunakokwenda akauliza kama taarabu tutaisikiliza au tunafuata wageni tu. Ujana wake wote, alisema, ulipita Kokoni, kwenye klabu ya Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905 na ambacho hadi leo kipo. Kijana akamwonesha simu: taarabu anazo, kazipakua.

"Nyimbo unazo, baba," mzee akamwambia. "Lakini zilitungiwa nani, unajua? Wenzio wakicheka, wewe utacheka nini?"

Kijana akanitazama. Sikumsaidia.

Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Kuta zile nene zilikusudiwa mizinga. Sasa zinazuia sauti isipotelee Forodhani, na ndani yake jukwaa linamulikwa, watu wamekaa chini kwenye nyasi, wengine wamesimama, wengine wanarudi kutoka kwenye meza za urojo na mishkaki vidole vinanukia pilipili. Nimewahi kusikiliza muziki kwenye kumbi za gharama kubwa. Sijaona ulioniweka karibu na mwanamuziki kama pale.

Usiku wa kwanza, bendi iliyokuwa imemnyima kijana usingizi ilikuwa ya Mali. Ina ngoni, kile chombo cha nyuzi chenye ngozi kilicho mfano wa gambusi, na kibuyu kikubwa kinachopigwa kama ngoma, na mwimbaji mwanamke aliyevaa kitambaa kinachong'aa kutoka kichwani hadi chini. Nyimbo zao alizijua kwa mpangilio. Wimbo mmoja aliupenda kuliko zote, wa dakika 4, wenye kiitikio kitamu. Tukaungoja.

Ulikuja, lakini hakuutambua. Mpiga ngoni alianza peke yake, akazunguka weee, mwimbaji akaingia kwa maneno ambayo hayakuwamo kwenye rekodi, akawa anataja majina ya watu, akinyoosha mkono kwa huyu na yule, wimbo ukarefuka, kiitikio kikaja mara moja kikapita. Kijana alisimama amekasirika waziwazi. Alikuwa anangoja kitu chake, na kwa kukingoja hakuwa anasikia kinachopigwa. Mimi niliyekuja mikono mitupu sikuwa na cha kudai. Nilimtazama yule mama tu, na nikaanza kuona jambo ninalolijua.

Mwanamke mmoja kutoka katikati ya watu, kwa mavazi yake nilidhani ni mtu wa Afrika Magharibi, alikwenda mbele kwa mwendo wa maringo, noti mkononi, akampa mwimbaji, akasimama kidogo aonekane, akarudi. Akaenda mwingine. Mwimbaji akampokea kwa maneno marefu zaidi. Nikamvuta kijana sikio: "Anatunzwa!" Kule Mali kuna koo za waimbaji ambao kazi yao tangu enzi ni kusifu watu na nasaba zao mbele ya hadhara, na anayesifiwa hutoa. Wimbo haurefuki kwa kukosea. Unarefuka kwa sababu kuna watu wa kutajwa. Lugha yao sikujua neno moja, lakini shughuli ile niliijua kwa kuwa nimekulia kwenye harusi za Tanga, ambako vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star vilipiga na mama zetu walikwenda mbele na noti zao kwa mwendo ule ule.

Nikatoa elfu tano kwenye mkoba nikaenda. Mwimbaji alinipokea kwa kunishika mkono, akaniuliza jina kwa ishara, akaliimba. Kijana aliniambia baadaye kwamba nilicheza vibaya. Hilo mtu aje anithibitishie.

Kesho yake ikawa zamu ya taarabu, kikundi cha pale pale mjini: fidla, kanuni, udi, akodiani, dumbaki, wapigaji wamekaa kwenye viti, nyuso za watu wasio na haraka. Walifungua kwa bashrafu, kipande cha vyombo vitupu bila kuimba, kama desturi inavyotaka, na nusu ya wageni wakadhani bado wanapima vyombo. Kisha mwimbaji akasimama. Nyimbo kijana alikuwa nazo kwenye simu, tena zile zile, na safari hii hakuna aliyezirefusha sana. Lakini ubeti fulani ulipofika, kundi zima la akina mama upande wa kushoto likapasuka vicheko na vigelegele, mmoja akainuka na noti, akapita makusudi mbele ya mwingine aliyekuwa amekaa, akaenda kutunza, akarudi njia ile ile. Yule aliyekaa alitazama juu ya ukuta. Kijana akaniuliza kumetokea nini. Wimbo mzima aliujua kwa moyo, na hakujua kumetokea nini.

Tulijadiliana sana usiku ule tukishuka kuelekea mtaa wa Malindi. Yeye alitaka jibu la ndiyo au hapana: mtu asikilize kabla au asisikilize? Nikamwambia nimeona watu wa aina zote mbili wakiharibikiwa. Aliyesikiliza mno anakwenda kukagua kama bendi imeukumbuka wimbo wake vizuri. Asiyesikiliza kabisa, kwenye Msondo atakosa kiitikio, na kwenye taarabu atamaliza usiku mzima akiulizia watu kumetokea nini. Kinachonishinda kukubali ni kule kudhani kwamba matayarisho ni nyimbo peke yake. Mtu anaweza kuzipakua zote asijue msikilizaji wa muziki ule ana kazi gani: aitikie, atunze, acheze, au akae kimya mpaka bashrafu iishe. Hayo hayamo kwenye simu. Huulizwa kwa watu, kama yule mzee wa kwenye boti, ambaye kwa saa mbili alitufundisha mengi kuliko hedifoni zote za basi letu.

Mimi, kama bendi ni ngeni kwangu, nauliza desturi yake na nyimbo naziacha. Wimbo unaousikia kwa mara ya kwanza ukiwa umesimama mbele ya anayeupiga huwezi kuusikia tena hivyo maisha yako yote, na sioni sababu ya kuitoa nafasi hiyo kwenye basi la Segera, dirisha linagonga na mtoto wa kiti cha nyuma analia. Nyimbo nazitafuta baadaye nikirudi nyumbani. Kwa Msondo, Sikinde na taarabu nasema kinyume: sikiliza, sikiliza sana, hizo ni zetu na zinatudai kuitikia. Kijana hakukubaliana nami juu ya bendi ngeni na hadi leo hajakubali. Kwenye boti ya kurudi alikuwa anausikiliza ule wimbo wa Mali, ule wa dakika 4, akilalamika kwamba umekuwa mfupi.

Wasomaji mnaodhani tamasha lile ni la wageni, ondoeni wasiwasi. Mtanzania hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni wa nje. Chukueni kitambulisho, chukueni na noti ndogo ndogo za kutunzia, na mkikaa karibu na akina mama wa upande wa kushoto, waulizeni mapema.